Nilimlazimisha Mke Wangu Kurudisha Pesa za Chama

Nimekosa, na kosa lenyewe ni la mtu aliyejiona mwerevu kupita kiasi. Nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye. Mimi ndiye yule mwanamume wa Mashimoni, hapa Kibera, ambaye hakuwa na deni la mtu yeyote chini ya jua. Hongera kwangu!

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa vitanda katika karakana moja Kawangware, malipo kila jioni. Nilikwenda na kurudi kwa miguu. Wenzangu wakifika mtaani walizunguka njia za nyuma wakimkwepa mwenye duka aliyewadai. Mimi nilipita mbele ya duka, tena polepole, wanione vizuri.

Nyumbani niliweka sheria: hakuna kukopa, hata chumvi kwa jirani. Kama sina pesa ya sukari, tunakunywa chai bila sukari na kumshukuru Mungu kwa uhuru wetu. Nikiwa nayo, nanunua kijiko kimoja kimoja, bei ya juu, lakini taslimu! Watoto walikuwa huru sana. Walikuwa wamekonda pia, ila hilo sikulitia maanani.

Mke wangu, Mama Nekesa, alikuwa mshonaji hodari asiye na cherehani. Akaingia katika chama cha wanawake wanaochota maji pamoja. Walikuwa kumi, kila mwezi wote wanatoa kiasi, na pesa zote anapewa mmoja, kwa zamu. Wakapiga kura, naye akapata zamu ya kwanza. Alirudi nyumbani akicheka peke yake, pesa zimefungwa kwenye leso. Mwalimu mmoja wa Ayany, mtaa wa jirani, alikuwa akiuza cherehani kuukuu, na pesa zilitosha.

"Umetoa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara moja tu. Lakini nitaendelea kutoa mpaka wote wapate."

"Kwa hivyo hizi zingine ni za watu. Ni deni! Kwa nyumba yangu?"

"Baba Nekesa, hii si deni. Hii ni chama."

Jamani, kichwa changu! Jumapili hiyo nilimpeleka mwenyewe hadi penye maji, nikasimama katikati ya mitungi, nikawarudishia wale wanawake pesa zao na kuwahubiria juu ya maisha yasiyo na deni. Mke wangu alitazama chini. Zamu ikamwendea jirani yetu, Mama Akinyi, ambaye hakuwa na muda wa mahubiri. Kesho yake cherehani ya yule mwalimu ilikuwa mlangoni pake.

Nadhani mmeshajua nani aliajiriwa kushona nayo. Mke wangu! Miaka miwili alishona sare za shule kwenye cherehani ambayo ingekuwa yake, akilipwa vijisenti kwa kila sare. Mama Akinyi alikuwa amemaliza kutoa michango yake ya chama kitambo. Nami jioni nilimfariji mke wangu: "Angalau sisi hatudaiwi."

Kisha Nekesa akapita mtihani wa darasa la nane, akaitwa shule ya bweni. Karo, sanduku, godoro. Nikafungua mkebe wangu wa akiba. Haukuwa na deni, wala haukuwa na pesa.

Nikaenda kwa yule mwenye duka niliyempita kwa madaha miaka yote.

"Nikukopeshe? Mzee, mimi sikujui," akasema. "Hawa wengine wanakopa, wanalipa. Wewe hujawahi kukopa hata kiberiti. Nitajuaje kama hulipa?"

Kule karakana tajiri wangu alicheka mpaka akaketi. "Si ni wewe hukuwanga na deni?"

Nilirudi mikono mitupu, nikamkuta Mama Akinyi nyumbani kwangu akimhesabia mke wangu karo ya mwanangu. Angelipwa kwa kushonewa.

"Usijali, Baba Nekesa," mke wangu akasema. "Wewe hauna deni. Hii ni yangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na mpaka leo naiona.

Basi wewe unayejipiga kifua kwamba hudaiwi, muulize mke wako nani anaulipia huo ujivuni. Muulize sasa, kabla hujapata barua kama niliyopata mimi.

Ilikuwa ya kwanza ya Nekesa kutoka shuleni, kurasa mbili. Alimshukuru mama yake. Alimshukuru Mama Akinyi, akaahidi hatawaangusha. Nilisoma hadi chini kabisa nikitafuta jina langu, nikalipata pembeni: "Msalimieni baba." Basi. Mwanangu hakuwa na deni langu, hata la asante.