Njeri Aliyekataa Kulaumu Kebo

Bado nakataa. Asubuhi nimeambiwa Njeri ametuacha, na mimi nakataa tu. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe au msinisamehe.

Kwa wale hawakumjua: tulifanya kazi pamoja kwa college moja hapa Nyeri, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mimi technician wa lab, yeye lecturer wa kompyuta. Msichana wa Kutus, sauti ndogo, kichwa ngumu.

Mwaka huo tuliletewa network mpya, ile ya kasi. Wanafunzi wetu ndio walivuta kebo, na hiyo ndiyo ilikuwa practical yao ya mwisho.

Ikawashwa. Ikajikokota! Unafungua faili, unaenda kunywa chai, unarudi bado inafunguka.

Jamaa wa kampuni iliyotuuzia akaja na tai yake. Hakugusa kitu. "Hawa watoto wameharibu kebo." Principal akaitikia: basi darasa lote fail.

Njeri akauliza, "Umepima?"

"Madam, hii kitu inaonekana tu."

"Haionekani. Inapimwa."

Akaandika program ndogo: mashine moja inatuma data bila kupumzika, ya pili inahesabu inayofika. Halafu akaacha kompyuta zile zile, kebo ile ile, akabadilisha operating system tu, ile programu kuu inayoendesha mashine.

Speed ilipanda mpaka nikapiga kelele, "Ati nini!"

Kumbe data ilikuwa inachelewa ndani ya mashine. Ile operating system tuliyouziwa na kampuni hiyo hiyo ilikuwa inaikopi huku na kule kabla ya kuituma. Kebo ilikuwa inangoja tu.

Jamaa akasema ni bahati. Njeri akamwambia mbele ya wanafunzi, "Chagua kebo wewe mwenyewe." Akachagua ile ndefu kabisa, inayozunguka nyuma ya stoo. Majibu yale yale. Wanafunzi walipiga meza!

Jioni principal akatuita sisi wawili. "Njeri, wacha hii maneno. Hao wa kampuni ni marafiki wa board. Weka fail, watarudia mwaka ujao."

"Siweki."

"Utapoteza kazi."

"Nitapoteza. Lakini hao wanafunzi wamepita."

Na walipita, wote. Contract yake haikuongezwa.

Hakulia. Alihamia Sagana, akafungua darasa juu ya duka ya mbolea, na kompyuta za mitumba. Wale "watoto" leo wanaendesha network za hospitali na mabenki. Mmoja wao, Muriithi, ndiye alinipigia leo.

Tayari nimeona mtu kwa group ameandika eti alikuwa "difficult". Ndiyo! Alikuwa difficult kwa waongo. Siku ya mazishi msimfanye mpole. Hakuwa mpole, na kuna watu wako na kazi leo kwa sababu hakuwa.

Njeri wa Kutus, walikusukuma na hukusonga. Lala sasa, dada yangu. Lala bila kuomba mtu yeyote msamaha.