Konyeza Kwenye Kamba

Watu wa gatini walimwita Brashi, wala si kwa ajili ya nywele. Kazi yake ilikuwa kuzamia chini ya meli, brashi ya waya mkono huu na kikwangulio mkono ule, akibandua magamba na mwani ulioota kwenye chuma. Mwanamke, ndiyo. Waliotaka kucheka walishacheka wakachoka, na meli zao zilipoanza kujikokota kwa uchafu wakamfuata kwa sauti za upole.

Sasa nikwambie ambalo hao hawakulijua: Brashi alikuwa mwoga. Maji hakuyaogopa hata kidogo. Aliogopa konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama ute wa yai, hana jicho wala mfupa, anayeburura nyuzi ndefu zinazochoma kama moto. Konyeza walimchoma shingoni mwaka alioanza kazi, akapiga yowe ndani ya barakoa, na tangu hapo msimu wao ukifika chai ya asubuhi humshinda kunywa. Siri hiyo aliijua mumewe peke yake.

Huyo mume ndiye Honi, dereva wa malori aliyestaafu, mtu ambaye akikusalimia mtaa mzima unaitikia. Yeye alikaa juu ya gati, akiangalia mashine inayosukuma hewa kwenye mpira wa kupumulia wa mkewe na kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mke huyo. Chini ya maji maneno hayapiti, kwa hiyo walizungumza kwa kamba. Mvuto mmoja, nipo. Miwili, nilegezee. Mitatu, nitoe, na hapo hakuna maswali. Kila mvuto sharti ujibiwe, na kamba haiachwi mpaka aliyezama atoke na kusema kwa kinywa chake, "Nimetoka." Kwenye hilo Honi hakuwa na mzaha hata chembe.

Mzaha wake aliuweka kwingine.

"Mke wangu, konyeza hana ubongo. Atakuchukia vipi?"

"Ndiyo maana namwogopa," Brashi alijibu. "Angekuwa nao ningemwomba msamaha."

Basi siku moja konyeza wakaanza kuingia bandarini, na kamba ikapanda kutoka majini ikiwa na vipande vya nyuzi zao vimejisokota humo. Kawaida ya kazi ni kwamba kamba isuguliwe kwa maji ya bahari kabla ya kuwekwa. Brashi alizitazama zile nyuzi, mwili ukamsisimka, akarudi nyuma.

"Iache hapo juani," alisema. "Jua litawaua."

Honi akamwonea huruma, akaiacha. Ebo! Nyuzi zikakauka zikawa kama vumbi, huzioni tena. Lakini konyeza akifa sumu yake haifi naye, hukaa ikisubiri unyevu. Na kinachoniudhi ni kwamba wote wawili walilijua hilo vizuri, ila woga ukishampanda mtu kichwani humpeleka utakako.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na meli ndogo ya mizigo. Brashi akapiga moyo konde, akashuka. Honi akawa anamwachia kamba kwa mikono miwili, na sehemu iliyobaki ya kamba ile ile ameing'ata kwa meno. Tabia hiyo aliitoa kwenye malori, alipokuwa akifunga maturubai peke yake barabarani.

Chini, Brashi alikwangua mpaka magamba yakamwagika kama mchanga. Kisha mwanga ukapungua. Akageuka. Jamani! Konyeza walikuwa wamejaa kati yake na ukingo wa meli, wakijikunja na kujikunjua polepole, nyuzi zinaning'inia. Akavuta mara moja, na Honi akajibu, ingawa jibu lilikuja kwa kulegea. Konyeza wakazidi kusogea. Akavuta mara tatu.

Kimya.

Akavuta tena tatu, kwa nguvu zake zote. Kamba ilikuwa imekaza, maana yake mtu yupo, lakini hajibu. "Baba watoto, huu si wakati wa michezo," alisema ndani ya barakoa. Halafu likamjia jambo lililomtisha kuliko wale wadudu: Honi hajawahi hata siku moja kuuacha mvuto bila jibu. Kuna kitu kimempata. Akafumba macho, akashika kamba, akapita katikati yao. Walimchoma mikononi, wakamchoma shingoni, sikioni, naye alilia humo humo na kuendelea kupanda.

Alipofika juu ya ngazi alimkuta mumewe ameketi ameegemea nguzo ya chuma. Midomo ilikuwa imevimba haifungiki, macho yamebaki mistari, pumzi inapita kwa mluzi. Kamba alikuwa amejizungushia mkononi. Brashi alipiga kelele mpaka mchomeleaji vyuma wa karakana ya jirani akaja na pikapu yake mbio. Wakamnyanyua, lakini kamba ikawarudisha, maana mwisho wake ulifungwa kwenye ile nguzo.

"Mzee, achia!" mchomeleaji alihangaika na vidole vyake. "Achia, tunachelewa!"

Wapi! Vidole vilikuwa vimekakamaa. Brashi akainama mpaka sikioni mwake.

"Nimetoka," alisema. "Baba watoto, nimetoka."

Vidole vikafunguka.

Hospitalini daktari alimdunga sindano ya paja, akamwekea hewa, akasema sumu aliyoing'ata kwenye kamba ilibakiza kidogo tu ifunge koo. Brashi aliketi nje ya chumba na nguo zake mbichi, mabaka mekundu yamemtapakaa. Ni mimi, aliwaza. Ni mimi niliyesema jua litawaua. Aliogopa Honi asiamke, na aliogopa akiamka amuulize.

Alipoitwa ndani aliingia na msamaha wake mdomoni. Honi akawahi, kwa sauti iliyokwaruza.

"Ulivuta mara tatu."

"Nyamaza, mume wangu. Utajiumiza koo."

"Nilisikia. Ukavuta tena tatu. Nikajua unakufa huko chini, na mikono hainitii. Nilikuwa nakusikia, mke wangu. Nakusikia tu."

Akalia, mtu yule wa kelele, bila sauti yoyote. Brashi akauacha msamaha wake. Akapanda kitandani vilevile na nguo zake za maji ya chumvi, akajilaza ubavuni mwake, akamshika mkono. Muuguzi akafungua mlango, akataka kuwafokea juu ya shuka, akawatazama, akaufunga taratibu.