Msichana Aliyeufuata Mto wa Kitabu Changu

Jumamosi hiyo nilikuwa nafua nguo nje ya nyumba za walimu, pale Gakindu, mwanamume alipoingia uani bila kupiga hodi. Mkononi alikuwa na kitabu changu, jalada limekunjwa. Nilimjua: mkulima wa kahawa, baba wa msichana mmoja wa darasa langu la tano.

"Mwalimu, ni wewe uliandika hii?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa miaka ya sabini, nilikuwa nimechapisha vitabu viwili tu vya watoto, na bado moyo wangu ulichangamka mtu aliponiuliza swali hilo.

"Mtoto ametoka nyumbani asubuhi mapema, hatumuoni. Kitabu ameacha kwa kitanda. Mimi kusoma Kiswahili sijui vizuri. Niambie, huyu mtoto wa kitabu anaenda wapi?"

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Meru, nilikuwa mgeni kule, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Nilimweleza, mikono ingali na povu: mvulana anaufuata mto kuelekea unakotoka, mpaka kwenye chemchemi, na hapo anamkuta mama yake aliyepotea.

Uso ulimbadilika. Aligeuka akaanza kuteremka kwenda mto Gura. Nilimfuata na ndara miguuni.

Gura ni mto wa kasi, na baridi yake inauma hata jua likiwaka. Siku hiyo jua halikuwepo. Kule milima ya Nyandarua, mto unakotoka, mawingu yalikuwa yametanda, na maji yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya udongo. Kwenye kiwanda cha kahawa mlinzi alituambia amemwona msichana mwenye sweta ya kijani akipita ukingoni. Alidhani ametumwa.

"Mama yake yuko wapi?" niliuliza tukikimbia.

"Yuko kwao Kangari. Tulikosana, nikamfukuza. Mtoto nikamwambia ameenda kazi mbali, ati hata mimi sijui wapi."

Kangari ilikuwa upande mwingine kabisa, huko kwenye mashamba ya chai ya Murang'a. Mtoto alikuwa anapanda mto wa hadithi yangu, na kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na mama yake.

Tulimwona tulipopita kona ya mto. Alikuwa juu ya jiwe kubwa katikati ya mto. Mawe aliyoyakanyaga kufika pale yalikuwa yamekwisha kufunikwa na maji. Baba yake akaingia majini akimwita kwa ukali, na mtoto akarudi nyuma, kisigino kikafika ukingo wa jiwe. Baba alipopiga hatua nyingine, naye akasogea tena.

"Simama!" nilimwambia baba. "Anakuogopa. Usisogee."

Akasimama, maji yakimpiga mapajani.

"Mwalimu!" msichana aliniita. Sauti ya mto ilikuwa inaimeza yake. "Huko juu mama yuko?"

Nilimtazama yule baba. Hakugeuka. Kama ningesema ndiyo, mtoto angeruka kwenda ng'ambo ya pili. Sikuwa na jibu zuri, nilikuwa na la kweli tu.

"Hapana! Huko juu hakuna mtu. Hiyo niliitunga mimi. Mama yako yuko Kangari, kwa nyanya yako."

Alimkazia baba yake macho. "Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

"Lini?"

"Kesho."

Ndipo alipokaa chini juu ya jiwe, kama mtu aliyechoka sana. Nilifungua leso yangu kiunoni, nikaipasua vipande virefu nikaviunga, nikazungusha ncha moja kwenye mti nikaishika, nyingine nikamrushia baba. Alikwenda maji yakimfika kifuani, akarudi naye mgongoni. Mara moja aliteleza, wote wawili wakazama hadi shingoni, na leso ikanikata viganja. Sikuiachia.

Ukingoni hakumpiga. Alimvalisha koti lake kavu alilokuwa amelitupa nyasini, akamfunga vifungo vyote, polepole, hadi cha juu.

Kesho yake walipanda basi. Mama hakurudi kwa mumewe, lakini tangu hapo kila likizo msichana alikwenda Kangari.

Mchapishaji alipotaka kukitoa kitabu upya, nilijaribu kumwondoa yule mama kwenye chemchemi, hadithi ikanifia mkononi. Nikamrudisha. Niliongeza jambo moja tu: kabla ya kuondoka, mvulana anamwambia jirani anakokwenda.

Baadaye nilikutana na yule baba sokoni. Alisalimia, akaniuliza sasa ninaandika nini.

"Mbuzi aliyeibwa," nikasema.

"Wanampata?"

"Sijafika hapo."

"Ukifika uniambie mimi kwanza," alisema, bila kucheka. "Kabla mtoto hajasoma."