Picha za Vipande za Baba

Majuzi niliingia kwenye duka moja la vifaa vya shule huko Bujumbura kumtafutia mwanangu kalamu za rangi, nikaona juu ya rafu boksi lenye picha ya farasi. Nililifungua bila kuomba ruhusa. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya katoni iliyokatwa karibuni, ile harufu kavu inayokaa puani kama vumbi la mbao, nayo ilinisimamisha palepale. Nilichukua kipande kimoja nikakikunja kidogo, nikapitisha kidole gumba ukingoni, nikamtafuta mwenzake, nikaviunganisha na kuvinyanyua kwa kushika kimoja tu. Muuzaji alinitazama kama mtu anayemwangalia mteja anayenusa samaki. Nikajua mikono yangu ilikuwa inafanya kazi ya baba yangu.

Baba alipenda sana mchezo ule wa kuunganisha vipande mpaka picha itokee. Jina lake la kizungu sisi watoto hatukulijua. Tuliita vipande, basi. Aliuanza Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi nilikozaliwa mimi, alipokuwa mlinzi wa kituo cha watoto cha misheni. Maboksi yalikuja na misaada, watoto waliyachoka upesi, na baba akawa anayachukua nyumbani moja moja. Ulipofika wakati wa kurudi Burundi, watu walipakia kwenye lori mabati, majembe, kuku, hata fremu za madirisha. Mama alitaka tubebe mlango wa nyumba yetu, mlango mzuri wa mninga. Baba alikubali mlango, kisha akapakia juu yake gunia lililojaa vipande. Mama alilitaja gunia hilo safari nzima mpaka Rumonge.

Tulikuja Kizuka, kwenye shamba ambalo baba alilikimbia akiwa mtoto. Alikuwa ametusimulia habari zake miaka yote: mteremko wake, kijito chake, na jinsi ziwa linavyoonekana asubuhi kutoka pale juu, likiwa limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo yake. Vyote vilikuwepo kama alivyosema. Ila palikuwa na nyumba ya matofali, michikichi mirefu iliyopangwa kwa mistari, na mtu aliyeitwa Nyandwi akichemsha mawese kwenye pipa uani.

Nyandwi hakuwa mwizi. Leo naweza kuliandika hilo bila shida. Baba yake alipewa ardhi ile na serikali baada ya wenyewe kukimbia, naye Nyandwi alizaliwa palepale, akaoa palepale, akapanda ile michikichi kwa mikono yake. Lakini wakati ule nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na nyumbani kwetu jina lake halikutajwa. Mama alisema "yule."

Wakuu wa zone, ambayo ni kama kata, walituambia tungoje tume ya ardhi, na tukiwa tunangoja tuishi kwa amani. Basi tukafunga turubai upande wa chini wa shamba. Majiko mawili, letu na la kina Nyandwi, njia moja ya kwenda kijitoni. Watu wazima wakikutana kwenye njia hiyo walisema "Amahoro," yaani amani, huku wakitazama miguu yao. Tulisikia kwamba mahali fulani ndugu wawili wa damu walikatana mapanga kwa ajili ya mstari wa miti, na mama alianza kutuhesabu kila jioni kabla ya kula.

Mlango wetu wa mninga haukuwa na nyumba ya kufunga. Baba aliulaza juu ya matofali chini ya turubai, ukawa meza ya vipande. Shuleni nilikuwa nimerudishwa madarasa ya chini kwa sababu Kifaransa sikukijua kabisa, na Kirundi changu kilikuwa cha kuchekesha. Wenzangu waliniita Mtanzania, na nikifungua mdomo walicheka hata kabla sijasema neno. Kwa hiyo mchana, nikirudi, nilikuwa na mlango ule na baba yangu, basi.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhukumu vipande. Baba hakuwahi kuanza kuunganisha kabla hajalikagua boksi. Kwanza alinusa, maana katoni iliyopata unyevu ina harufu ya nguo isiyokauka, na kipande chake kitavimba na kukataa mahali pake. Kisha alikuwa akikikunja kipande kimoja: kikibaki na mkunjo, hakifai. Alitazama kama karatasi ya picha imeanza kubanduka pembeni. Ile sehemu inayochomoza aliiita ulimi, na ile inayoupokea aliiita mdomo, na alisema ulimi ukiingia mdomoni lazima usikike. Alikuwa akinyamazisha watoto wote ili tusikie. Jambo alilolichukia kuliko yote ni kipande kinachoingia mahali kisipostahili, unafurahi, unaendelea, kumbe umejenga uongo. Boksi lenye vipande vya namna hiyo alilifunga na kumpa mama la kuwashia moto, na mama alilipokea kwa furaha isiyofichika.

Lakini boksi lililopotewa na vipande hakulihukumu. Karibu yote yalikuwa na mapengo. "Kupotea si kosa la fundi aliyekata," alikuwa akisema, kisha anaendelea kufanya kazi.

Siku moja upepo wa ziwani ulivuma kwa nguvu kabla ya mvua, ukainua turubai na kumwaga picha nzima uani. Tulikimbizana na vipande katikati ya kuku. Tulipomaliza kuokota, akatokea msichana mdogo kwangu kidogo kutoka upande wa juu, amevaa sare ya shule ya kaki, amefumba kiganja. Alikuwa Goreti, binti wa Nyandwi. Tulisoma darasa moja na hatukuwahi kuongea.

"Hii kitu iko yenu?" aliuliza, akafungua kiganja. Kilikuwa kipande chenye weupe na kijani kidogo.

Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulisimama.

"Ni chetu," baba alisema. "Unajua kinakaa wapi?"

Goreti aliukaribia mlango. Tulikuwa tumeshaanza kurudisha kingo za picha, kijiji cha milimani Ulaya chenye mbuzi na nyumba za mapaa makali. Aliangalia muda mrefu, hata nikaanza kumwonea aibu. Kisha akakiweka chini ya paa moja na kukibonyeza, na sote tukasikia ule mlio.

"Una jicho zuri," baba alisema. "Kaa."

Alikuwa akija kila mchana, baba yake akiwa kwenye michikichi. Aliniambia maneno ya Kirundi, mimi nikamwambia ya Kiswahili chetu, na tukacheka makosa ya kila mmoja bila yeyote kuumia. Baba alimfundisha kunusa na kukunja kama alivyonifundisha mimi. Aliwahi kulikataa boksi ambalo baba alilikubali, akasema ukingo wake unaacha unga mwingi mikononi, na baba akalikagua tena, akakubali kushindwa. Mama alipakua chakula cha Goreti pia, lakini alikiweka chini, mbali kidogo, bila kumwita jina.

Kisha Nyandwi akaja mwenyewe.

Tulimwona akishuka njiani na panga mkononi. Kila mtu anayekata chikichi anabeba panga, ni sawa na mwalimu kubeba chaki, lakini mama alisimama, akamvuta mdogo wangu nyuma yake. Baba hakusimama. Alibaki ameketi kwenye kigoda chake, kipande mkononi.

"Goreti, toka hapo," Nyandwi alisema.

"Papa, imebaki mbuzi tu," Goreti alijibu. Hakuwa mkaidi. Aliomba kama mtoto anayeomba amalizie uji.

Nyandwi akautazama mlango. Nadhani alitaka kutazama kidogo tu, lakini macho yalikwama. Akasogea. Akaliegemeza panga kwenye nguzo ya turubai.

"Hii nyeupe yote ni nini? Ni unga?"

"Theluji," baba alisema. "Barafu inayoanguka kutoka juu."

"Na watu wanaishi humo?"

"Wanaishi."

Nyandwi alitikisa kichwa kwa kuwahurumia kweli watu wale. Halafu akaokota kipande, akakiweka palipoonekana panafaa. Hakikuingia. Akakikandamiza kwa kidole chake kikubwa chenye mafuta ya mawese.

"Usikilazimishe," baba alisema taratibu. "Ulimi utakatika."

Nyandwi akainua uso. "Wewe? Wewe ndiye unaniambia mimi nisilazimishe?"

Nakumbuka sauti ya chungu kikichemka, na pikipiki moja ikipanda barabarani kwa mbali. Nyandwi akakirudisha kipande juu ya mlango polepole, kama mtu anayeweka yai. Akachukua panga lake, akamshika Goreti mkono, wakapanda. Tangu siku hiyo Goreti hakuja tena, na shuleni alikaa dawati la mbele bila kugeuka.

Tume ilikuja wakati wa kiangazi. Walipima, wakauliza wazee, wakasikiliza pande zote mbili uwanjani mbele ya ofisi ya zone. Uamuzi wao ulikuwa kwamba shamba lote ni la baba. Mama alipiga vigelegele njia nzima ya kurudi, na wanawake wengine waliorudi kutoka Tanzania walimpokea kwa nyimbo. Ndugu zangu walikuwa tayari wanagawana vyumba vya ile nyumba ya matofali. Kaka yangu mkubwa alisema sasa ataendelea na shule mpaka mwisho, maana michikichi yote ile itamlipia.

Baba alikaa kando ya mlango wake. Hakuimba wala hakuunganisha kitu. Kule juu tulisikia misumari ikilia. Nyandwi alikuwa anang'oa mabati. Goreti alikuwa amesimama chini ya ngazi akiyapokea moja moja na kuyapanga chini.

Baba akasimama, akapanda ile njia. Nilimwona akisema na Nyandwi, mmoja juu ya ngazi na mwingine chini. Nilimwona Nyandwi akishuka, akakaa juu ya mabati yake. Sikusikia neno hata moja. Kesho yake mabati yalirudishwa juu, na wale wanaume wawili wakawa wanatembea shambani na kamba, wakipima.

Na mama akaacha kusema na baba. Hakupiga kelele, hakuondoka. Alipika, alifua, alimwekea maji ya kuoga, lakini hakumpa neno lolote msimu mzima wa mvua. Mimi, kwa akili yangu ya utotoni, niliamini kabisa kwamba kosa ni la vipande. Nilidhani mama amechoka na mlango kukaa chini muda wote ule, amechoka na gunia. Nikawa nayaficha maboksi chini ya majani makavu ya michikichi ili asiyaone, nikidhani nikiyaficha yote wataongea. Mchwa waliyala mengi. Baba aliyaona, akayafuta vumbi yaliyobaki na kuyarudisha guniani.

Tulijenga nyumba yetu upande wa chini, ndogo. Mlango ukapata mahali pake. Goreti akaanza tena kuja mchana. Kaka yangu akaacha shule, akaenda Minago kuvua samaki, mpaka leo yuko huko, na mikono yake imekuwa migumu kama kamba za nyavu.

Baba alifariki mwaka jana. Siku tulipomaliza matanga, wageni walipokwisha kuondoka, nilikaa na mama tukimenya muhogo, na ndipo nikamuuliza kwa nini alinyamaza vile zamani. Nikamweleza jinsi nilivyoficha maboksi. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Vipande? Mwanangu. Nilikuwa nimepewa shamba lote, naye akaenda kurudisha nusu. Hakuniuliza."

"Alimwambia nini Nyandwi siku ile?"

"Alimwambia, mimi nilitoka hapa nikiwa na umri wa binti yako. Najua atakachokumbuka. Basi. Hayo tu." Alimenya kidogo. "Nilimchukia. Nilimtazama kaka yako akienda ziwani nikamchukia tena. Usidhani nilikosea kumchukia. Nusu ya shamba haikututosha."

Nilikuwa nimekua nikimwona baba kama mtu mpole mwenye mchezo wa ajabu, na mama kama mtu mwenye hasira. Kumbe wote wawili walikuwa wanatupenda kwa hesabu tofauti, na hesabu ya mama ndiyo iliyotuhesabu sisi. Hata leo sijui kama mimi ningepanda ile njia. Nina mtoto mmoja tu, na sijui.

"Ulimsamehe lini?" niliuliza.

Mama alitupa muhogo kwenye maji. "Siku ya kuzika, ulimwona Nyandwi?"

Nilimwona. Alikuwa ndani ya kaburi tangu alfajiri, mwenye mvi sasa, jasho likimtiririka, udongo ukimfika kifuani. Vijana walimwomba jembe kwa zamu na alikuwa akitikisa kichwa. Mimi nilidhani anachimba kwa sababu ndiye jirani wa karibu.

"Alilichimba lote peke yake," mama alisema, "upande wa juu, kwenye nusu yake. Alisema baba yako hawezi kulala mahali pengine."