Walioshindwa Walitawala Ukuta Wetu

Hadi leo nikisikia harufu ya uji wa mahindi uliochacha, nasimama. Wenzangu huziba pua. Mimi hurudi Bondeni, Nakuru, katika chumba chetu kimoja cha nyumba za manispaa, nikiwa msichana wa miaka kumi na moja, mikono imenata hadi kwenye viwiko. Uji uliochacha ndio uliokuwa gundi yetu. Kila mwaka Krismasi ikikaribia, kina mama wa mstari wetu walibandua karatasi za mwaka uliopita, zilizokuwa zimekuwa nyeusi kwa moshi wa makaa, wakabandika magazeti mapya ukuta mzima. Nyumba ambayo haikubandikwa ilisemwa kisimani, sokoni na hata kanisani.

Kwetu kulikuwa na sehemu moja ambayo haikuguswa, juu ya kitanda cha Baba. Hapo palikuwa na marais wa Marekani.

Baba yangu, Zakayo, alikuwa mpishi wa mkulima mmoja Mzungu upande wa Lanet. Alikuja nyumbani Jumapili kwa baiskeli, na nyuma alikuwa amefunga furushi la magazeti ambayo Bwana wake alitumiwa na ndugu yake aliyeko Marekani. Yalikuwa magazeti yenye karatasi laini inayong'aa, na majirani walikuja kuyapapasa tu. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha jikoni, lakini alisema anajua uso wa mtu mkubwa akiuona. Uso wa namna hiyo ukitokea kwenye jalada, aliukata kwa wembe na kuuweka juu ya kitanda, kwa heshima.

Walikuwa watatu. Kwa kuwa majina yao yalitushinda kutamka, tuliwapa yetu. Kulikuwa na Mzee Kofia, aliyepunga kofia yake kwa watu ambao hatukuwaona. Kulikuwa na Mzee Usingizi, ambaye macho yake hayakufunguka vizuri hata mchana. Na kulikuwa na Mzee Kicheko, niliyempenda kuliko wote. Yeye alikuwa na picha mbili, moja ya zamani na nyingine mpya, na katika ile mpya alikuwa ameshika hindi kwa mikono yote miwili, analitafuna mbele ya watu bila haya, punje imemganda kidevuni. Mtu wa picha mbili, tuliamua nyumbani, ndiye rais wa sasa. Wale wengine walikuwa wamestaafu.

Ukuta huo ndio ulionifundisha kusoma Kiingereza, tena nyakati nyingine kichwa chini miguu juu, maana Mama hakujua kusoma na alibandika karatasi jinsi ilivyomjia mkononi. Kufika darasa la nne nilikuwa naongoza shule. Wakati ule, darasa la nne ndipo wengi wetu tulipoishia. Nafasi za kuendelea na shule ya kati zilikuwa chache, na kwa wasichana wa shule yetu mwaka huo ilikuwa moja. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika jina langu, Trufena, kwa wino.

Mama hakufurahi. Alikuwa na mtoto mchanga na mwingine njiani, na alitaka nibaki nyumbani nimsaidie. "Anajua kusoma barua," alimwambia Baba. "Barua zenyewe tunapata mbili kwa mwaka. Anataka kusoma nini kingine?" Baba alisema bado anafikiri.

Ndipo akaja mkaguzi wa shule, Mzungu mnene mwenye kiko. Ilikuwa Novemba, na Wamarekani walikuwa wametoka kupiga kura wiki chache tu zilizopita, jambo ambalo sisi hatukulijua. Alisikiliza kusoma kwetu, akatazama hesabu zetu, na kabla hajaondoka akauliza, kwa kujifurahisha nadhani, nani rais wa Marekani. Mwalimu mkuu alitutazama kwa macho ya kuomba. Nikainua mkono, nikasimama wima, nikataja jina lote la Mzee Kicheko, herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa ukutani.

Mkaguzi alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba huyo ndiye aliyeshindwa, tena kwa mara ya pili, na kwamba ni aibu shule kumfundisha mtoto uongo kwa ukakamavu namna hii. Gari lake lilipoondoka, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Nani alikuambia yule ni rais?"

"Ni ukuta, mwalimu."

Alidhani namfanyia mzaha. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu mbele ya macho yangu. Nilisikia ncha ikikwaruza karatasi. Sijawahi kuchukia kalamu kama ile.

Jumapili Baba alipokuja nilimweleza nikilia. Akakaa juu ya kitanda, akawatazama wale wazee watatu kwa muda mrefu, halafu akaanza kutikisa kichwa polepole. Alikuwa amekumbuka. Bwana wake aliyahifadhi magazeti yenye picha za walioshinda, akayapanga kwenye kabati la vioo. Yale ya walioshindwa ndiyo aliyomwambia, "Zakayo, tupa hii." Na Zakayo hakutupa. Kwa hiyo Marekani ya nyumbani kwetu ilikuwa imetawaliwa miaka yote hiyo na watu walioshindwa.

"Na hakuna aliyelala njaa," Baba alisema, akiwatetea.

Mama alikuwa anamnyonyesha mtoto. "Basi yameisha," alisema. "Atabaki." Hakusema kwa ukali, na hilo liliniuma zaidi.

Aliyekataa kwamba yameisha ni Mwalimu Hezroni, mwalimu wetu wa darasa. Alikuwa kijana mwembamba wa suruali moja, mwenye kupenda ubishi kuliko chakula. Alimwendea mwalimu mkuu akamwambia kwamba mtoto amekosea, ndiyo, lakini amekosea kwa kusoma, na ni wangapi hapa wamewahi kukosea hivyo? Akaomba mdahalo siku ya wazazi: je, kati ya aliyeshinda na aliyeshindwa, ni nani angekuwa rais mzuri zaidi? Trufena amtetee wake. Wazazi wakikubaliana naye, jina lirudishwe. Mwalimu mkuu alikuwa mkali lakini alipenda haki, akakubali. Miaka ile ya hali ya hatari watu hawakuruhusiwa kukusanyika bila kibali, kwa hiyo kwenye barua ya kuomba ruhusa waliandika "nyimbo na michezo ya watoto".

Aliyepewa kumtetea mshindi ni Erasto, mtoto wa karani wa reli. Alivaa viatu. Mimi nilikuwa na wiki moja. Mwalimu Hezroni alikuja kwetu jioni, akapanda juu ya kitanda cha Baba na kunifafanulia yaliyoandikwa chini ya picha. Hayakuwa mengi: kwamba mzee huyu amezunguka nchi yake akizungumza na wakulima, kwamba aligombea mara ya kwanza akashindwa, akarudi kugombea tena. Nilimwuliza mwalimu kama hiyo inatosha. "Haitoshi," alisema. "Iliyobaki utaitoa kwako."

Siku yenyewe upepo ulivuma kutoka ziwani na vumbi jeupe la magadi, tukatafuna vumbi. Watu walijaa uwanjani: wafanyakazi wa reli, wafagiaji wa manispaa, Bi Rukia muuza mandazi, kwaya nzima ya kanisa letu. Mama alikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, na hilo lilinishangaza, maana ilikuwa Ijumaa.

Erasto alianza, na alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema mshindi amechaguliwa na watu mamilioni, na watu mamilioni hawawezi kuwa wajinga wote. Alisema aliyeshindwa mara mbili, hata ukimpa kuku achunge, watapotea. Watu walicheka na kupiga makofi. Baba yake alisimama akatazama huku na huku ili ijulikane mtoto ni wa nani.

Nilipanda juu ya meza nikiwa na picha ya Mzee Kicheko, iliyobanduliwa kwa maji ya moto na bado ina chokaa mgongoni. Nikawaonyesha lile hindi. Nikawauliza, mmewahi kumwona mkubwa yeyote akila hindi kwa mikono mbele ya watu? Di-Si, mkuu wa wilaya, je? Mkaguzi je? Wakacheka. Nikasema anayekula chakula chetu jinsi tunavyokila hawezi kutusahau akishapata kiti.

Halafu maneno yakaisha. Nikatazama nyuma nikamwona Mama, na bila kupanga nikaanza kumsema yeye. Nikawakumbusha kwaya kwamba Mama aligombea uongozi wao, wakainua mikono, akashindwa kwa watu wachache tu. Nikauliza, Jumapili iliyofuata, nani alikuja wa kwanza kufagia kanisa? Nani alimfundisha kiongozi mpya sauti ya pili, maana alikuwa haijui? Watu wa kwaya walianza kugunaguna. "Mzee huyu alishindwa akarudi kazini," nikasema, nikipaza sauti sasa, "na Mama yangu alishindwa akarudi kazini. Mimi ningempa kazi mtu kama huyo. Huyo hata ukimwambia shuka kwenye kiti, atashuka, kwa sababu anajua bado atakuwa mtu."

Nikashuka mezani nikidhani nimeharibu.

Mwalimu Hezroni akaleta madebe mawili, moja langu na moja la Erasto, yaliyofunikwa gunia lenye tundu, na kila mtu mzima akapewa njugu moja iliyokaangwa. Waliambiwa waende mmoja mmoja nyuma ya ubao watumbukize wanakotaka. Mzee mmoja wa reli alikula kura yake papo hapo akaomba nyingine, akakataliwa, akazua ugomvi. Lakini wengine walipanga mstari mrefu, wamenyooka, wamenyamaza, kila mmoja amefumba ngumi yake. Bi Rukia alikaa nyuma ya ubao muda mrefu mpaka akaitwa. Mama alikwenda wa mwisho.

Nilishinda kwa njugu tisa. Baba alinibeba mabegani mbele ya shule nzima, na kwaya ikaimba wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba. Mwalimu mkuu alitoa kalamu ileile akaandika jina langu upya, kubwa, pembeni, maana mahali pa kwanza palikuwa pameharibika. Nilijiona nimeiongoza Marekani mwenyewe. Mama alinipa debe la maji nikachote. Kwa miaka mingi niliamini kwamba njugu yake aliitia kwa Erasto.

Mwaka uliofuata Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, lakini ilikuwa ya wenye elimu na mali. Baba hakufikia kipimo. Mama hakuulizwa hata jina. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenyewe, ndipo nilipouelewa ule mstari mrefu wa siku ile na zile ngumi zilizofumbwa. Watu wale wote, baadhi wakiwa na wajukuu, hakuna aliyekuwa amewahi kuulizwa anamtaka nani amtawale. Kumbe mimi nilidhani wamekuja kunisikiliza.

Uhuru ulipokaribia, na kila mtu akapewa haki ya kupiga kura, nilimsindikiza Mama kituoni. Nilimshika mkono nikaanza kumweleza taratibu, jinsi mtu anavyoingia peke yake, jinsi anavyochagua bila kumwambia yeyote. Aliutoa mkono wake.

"Usinifundishe," alisema. "Hii ni ya pili. Ya kwanza nilikupa wewe."