Waipa ya Upande wa Mama

Jumamosi moja ya mvua nilienda Ruiru kumwomba mama arudi nyumbani. Tangu dada yangu Wambui ajifungue, mama amekuwa kwake Kamakis, huko huko Ruiru, akimlea mtoto, nami nimebaki peke yangu nyumbani Kamenu, Thika. Kikombe ninachokiacha mezani asubuhi hukikuta palepale jioni. Tunapigiana simu, lakini mimi si mtu wa maneno. Akiniuliza, "Uko sawa?" hujibu, "Niko." Halafu tunaagana.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama hawezi kupanda gari bila kuitazama barabara. Huketi kushoto kwangu, mguu wake ukikanyaga breki ambayo haipo. Safari ya mwisho mvua ilitukuta njiani, na raba ya waipa ya upande wake ilikuwa imekauka. Badala ya kuondoa maji iliyapaka kwenye kioo kama mafuta. Mama alisali kwa sauti mpaka Ruiru. Aliposhuka alisema, "Njoro, sipandi hili gari tena nikiwa kipofu." Basi kabla ya kumwomba lolote, ilibidi nibadilishe waipa.

Thika mjini, asubuhi. Mwenye duka la spea za magari alikuwa mzee wa Kihindi anayezungumza Kikuyu kunishinda mimi.

"Kijana, weka mpya ya dereva tu," akaniambia. "Ya kushoto ni ya nini? Abiria kazi yake ni kulala."

"Nataka mbili," nikasema.

Nikampa kamba niliyokuwa nimepimia waipa ya dereva.

"Zote saizi hii? Una hakika?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja, nami nikaona haya kutoka nje kupima tena. Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani waipa ni kama viatu, zikiwa mbili lazima zilingane.

Nilizifunga hapo hapo mbele ya duka. Kwanza nilitandika kitambaa juu ya kioo, maana mkono wa waipa ukikuponyoka bila raba, kile chuma kinaweza kupasua kioo. Nikauinua mkono, nikabonyeza kile kibanio kidogo, nikaivuta waipa ya zamani kuelekea chini mpaka ikatoka kwenye ndoano. Mpya nikaipandisha mpaka ikalia tak. Kisha upande wa pili vivyo hivyo. Jua lilikuwa bado linawaka, kwa hiyo sikuzijaribu. Za zamani nikazitupa kiti cha nyuma.

Juja, adhuhuri. Mvua ilishuka ghafla. Nikawasha waipa, zikapanda, zikakutana katikati na kugongana. Nikaingia kituo cha petroli huku nikichungulia kama mzee aliyepoteza miwani. Msichana aliyekuwa kwa pampu alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Bosi, hizo waipa zako zinasalimiana!"

Alichukua ile ya zamani ya kushoto kutoka kiti cha nyuma, akailaza kando ya mpya. Ilikuwa fupi kuliko mpya kwa karibu shubiri nzima.

"Ya dereva ni ndefu, ya abiria ni fupi," akasema. "Rudisha tu hii mzee hapa kushoto, uende. Abiria hana kazi."

"Abiria wangu ana kazi," nikasema, nikashangaa nimesema.

Akanitazama, akaacha kucheka. "Ni msichana?"

"Ni mama yangu."

Alienda ndani akarudi na waipa fupi mpya, akaishika mwenyewe kwenye kioo kuhakikisha inatosha, kisha akanisaidia kuifunga mvua ikitunyeshea.

Kamakis, alasiri. Moshi wa vibanda vya nyama choma ulikuwa umelala chini kwa sababu ya mvua. Mama alinifungulia mlango, mtoto akiwa mgongoni.

"Umekonda. Unakula?"

"Nakula."

Tangu Juja nilikuwa nimeipanga sentensi yangu: Mama, twende nyumbani. Chai ilikuja, nikanywa, nikaomba kikombe cha pili. Mwishowe nikasema, "Nimeweka waipa mpya. Hata upande wako."

"Haiya!" Wambui akacheka. Alikuwa tayari amevaa sare, zamu yake ya usiku kiwandani ikikaribia. "Mtu ametoka Thika kuonyesha watu waipa!"

Mama hakucheka. Alimfungua mtoto, akamkabidhi Wambui. "Mshike kidogo kabla hujaenda kazini, nikaione hiyo waipa."

Tuliendesha kuelekea barabara ya bypass, mimi na yeye, mvua ikipiga.

"Hiyo lori umeiona?"

"Nimeiona."

"Na huyo wa boda?"

"Nimemwona, Mama."

Kisha akaegemea kiti. Nilitupa jicho chini, nikaona mguu wake umetulia.

"Leo naona mpaka kule mbele," akasema. Baada ya muda akauliza, akiwa bado anatazama barabara, "Njoro, unataka nirudi nyumbani?"

"Ii." Nikaitikia na kwa kichwa.

"Nikienda na wewe leo, huyu mtoto ataachiwa nani usiku? Ngoja atembee. Akitembea, nitakuja. Na hii kiti usiizoeshe mtu mwingine."

Nikageuza gari, nikamrudisha.

Njiani kurudi, jioni. Swichi ya waipa ni moja. Huwezi kuwasha ya dereva ukaipumzisha ya abiria. Kutoka Ruiru mpaka Thika ile fupi ilifuta upande wake vizuri kabisa, mbele ya kiti kitupu.

Nimejifunza kwamba kila upande hupimwa peke yake. Nimejifunza pia kwamba raba huharibiwa na jua kuliko mvua, hata gari likiwa limesimama tu. Kwa hiyo siku hizi nikiegesha hapa Kamenu, huchukua leso kuukuu ya mama na kufunika kioo na waipa ya upande wa kushoto. Sijui yule mtoto atachukua muda gani kutembea.