Kinyesi cha Moto kwa Chausiku

Juzi bwana mifugo alikuja hapa Same kumtibu ndama wa mjukuu wangu aliyekuwa akiharisha. Alikoroga kinyesi kibichi cha ng'ombe mwenye afya, akakichuja, akamnywesha.

"Bibi, mbona unalia?" mjukuu wangu akauliza.

Nikasema ni moshi.

Nilimkumbuka Chausiku, ndama wetu kule milimani Vudee nilipokuwa msichana. Naye aliharisha, na dawa zilikuwa zimeadimika kama sabuni. Mama akanituma kwa jirani yetu, Mama Nakijwa, ambaye ng'ombe wake walikuwa na afya. "Lete kinyesi kingali cha moto, tumnyweshe. Kimbia!"

Nilikifunga kwenye jani la mgomba, kikanipasha joto kifuani. Mferejini nikawakuta Naetwe na Josefina wakichota maji.

"Nanzia, umebeba chakula cha mchana?"

Walivyocheka! Kwa aibu nilikitupa majini, nikajisugua mikono kwa mchanga. Karibu na nyumbani nikaokota kinyesi kikavu, nikakilowesha. Niliwaza, mavi ni mavi tu.

"Mbona kimepoa?" Mama akauliza.

"Njia ndefu, Mama."

Alimnywesha taratibu, akimbembeleza kama mtoto. Kabla jua halijazama, Chausiku alikata roho. Mama akasema, "Dawa ya bibi yangu imenishinda." Hakuwahi kumnywesha mnyama dawa hiyo tena, hata majirani walipomwomba.

Bwana mifugo amenieleza kuwa kinyesi kibichi kina vijidudu hai vinavyotengeneza tumbo. Kikikauka, vingi vinakufa.

Leo asubuhi ndama wa mjukuu wangu amesimama. Mama alifariki akiulaumu mkono wake, nami nilikuwapo, nikanyamaza.